Jemadari Mathews wa Unguja

Lloyd William Mathews alizaliwa katika kisiwa cha Madeira mwaka 1850. Alipokuwa na umri wa miaka 13 aliingia katika jeshi la maji la Uingereza, akajifunza kazi ya bahari. Baadaye alipigana vita vya Ashanti, Afrika ya Magharibi. Mwaka 1875 akaletwa Unguja katika manowari iitwayo London. Kazi ya manowari hiyo ilikuwa kuyavizia majahazi yaliyochukua watumwa kwa siri, maana biashara ya watumwa baharini ilikuwa imekatazwa mwaka 1873.

Siku zile Sayyid Barghash alitawala Unguja, Pemba na pwani ya Mrima. Alitaka askari waliofundishwa kwa taratibu za Kizungu, na mwaka 1877 kazi hiyo akapewa Mathews. Alianza na watu wachache. Baada ya miaka michache wakazidi 1,000. Mwaka 1881 akaacha kazi ya jeshi la Uingereza, akawa Jemadari wa Sultani. Mwaka huo huo Kapteni Brownrigg wa manowari London aliuawa karibu na Pemba na watu wa jahazi la watumwa. Mathews akawafuata, akamkamata mkuu wao, Hindi bin Hattam.

Mwaka 1888 pwani ya Mrima ilikodishwa kwa kampuni ya Wadachi. Watu wa Pangani wakakataa kutawaliwa na kampuni ile. Mathews akatumwa na askari awatulize kwa jina la Sultani, lakini hawakumsikiliza, wakamlazimisha kurudi Unguja.

Mwaka 1890 Unguja iliwekwa chini ya ulinzi wa Uingereza, na mwaka 1891 Mathews akafanywa Waziri wa Kwanza. Mapato ya nchi yakatengwa na mali ya Sultani, yakawa mikononi mwa waziri. Tangu hapo Mathews alikula mkate wa Sultani, lakini aliisikiliza amri ya Uingereza.

Jambo hilo lilidhihirika mwaka 1896. Tarehe 25 Agosti Sultani Hamad alifariki, na Khalid bin Barghash, mwana wa bwana wa kwanza wa Mathews, akaingia katika jumba la kifalme. Waingereza hawakumtaka. Mathews alimwonya atoke, naye akakataa. Askari wengine wa Unguja wakawa pamoja na Khalid. Wengine kama 900 wakabaki upande wa Mathews. Asubuhi ya tarehe 27 mizinga ya manowari ikalipiga jumba, na kabla ya saa moja kupita vita vikaisha. Watu kama 500 wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa. Khalid akakimbilia kwa balozi wa Wadachi, kisha akapelekwa Dar es Salaam, akakaa huko miaka mingi.

Mwaka 1897 utumwa ulifutwa kwa sheria Unguja na Pemba. Lakini mtumwa hakupata uhuru asipokwenda kuuomba kortini, na bwana wake alilipwa fidia.

Mathews alikufa Unguja kwa homa ya malaria mwezi wa Oktoba 1901, akazikwa huko huko. Alikuwa hodari wa kazi, wala hakuogopa hatari. Lakini wahenga walisema kuwa njia mbili zilimshinda fisi. Mathews alizifuata zote mbili muda mrefu. Zilipoachana, alichagua ya Uingereza, na gharama yake ikalipwa na watu wa Unguja.