Honus Wagner: Msee wa Migodi Aliyekataa Kadi, Sahi Ina Thamani ya Mamilioni

Kuna kadi ya karatasi, ndogo kuliko kitambulisho chako, iliuzwa dola milioni 7.25 mwaka 2022. Kwa pesa yetu wakati huo, hiyo ni zaidi ya shilingi milioni 850. Sura iliyo juu yake ni ya Honus Wagner.

Wagner alizaliwa 1874 Pennsylvania, Marekani, na wazazi waliohamia huko kutoka Ujerumani. Akiwa na miaka 12 tu, tayari alikuwa job kwenye migodi ya makaa ya mawe. Besiboli ndio ilimtoa huko. Aliingia ligi kubwa 1897, akahamia Pittsburgh 1900, na akamaliza msimu kama mpigaji bora wa ligi yake mara 8. Mwaka 1909 Pittsburgh wakachapa Detroit ya Ty Cobb na kubeba ubingwa.

Mwaka huo huo, kampuni ya American Tobacco ilianza kuweka kadi za wachezaji kwenye pakiti za fegi. Wagner akakataa. Wengine husema hakutaka watoi wanunue fegi ndio wapate sura yake. Wengine husema alitaka doo yake kwanza. Vyovyote vile, kadi yake iliacha kuchapishwa, na zinazojulikana leo hazifiki 100.

Lakini uhaba pekee hautoshi. Kadi ya Eddie Plank ya seti hiyo pia ni ngumu kupata, na bado bei yake iko chini sana. Wagner ana jina: 1936 alikuwa kati ya wachezaji 5 wa kwanza kuingizwa Hall of Fame.

Hali ya kadi pia ni muhimu. Ile maarufu zaidi ilinunuliwa dola 451,000 mwaka 1991. Mwaka 2013 dalali Bill Mastro akakiri kwamba alikata kingo zake ndio ikae mpya.

Na bei huanguka vipi? Miaka ya mwisho ya 80 na mwanzo wa 90, kampuni zilichapisha kadi bila breki. Wasee wakazificha wakingoja kuomoka. Zikajaa kila mahali, na nyingi haziwezi kukununulia hata chai.

Wagner aliaga 1955. Mshahara wake mnono uwanjani ulikuwa dola 10,000 kwa mwaka. Kufikia bei ya hiyo kadi, angecheza miaka 725.