Carl von Linde na Mashine ya Baridi

Carl Linde alizaliwa mwaka 1842 katika kijiji cha Berndorf, nchi ya Bavaria, huko Udachi. Baba yake alikuwa mchungaji, na watu walitazamia ya kuwa mtoto naye atashika kazi ile ile. Lakini moyo wake ulipenda mitambo. Akaenda Zürich kusoma elimu ya mashine. Mwaka 1864 wanafunzi waligombana na wakubwa wa chuo, naye alikuwa miongoni mwao, akafukuzwa asipate hati ya kumaliza masomo. Basi akaanza chini, akijifunza kazi katika kiwanda cha pamba. Hata mwaka 1868 akawekwa kuwa mwalimu katika chuo kikubwa cha München.

Siku zile watengenezaji wa pombe wa Bavaria walikata barafu maziwani wakati wa baridi, wakaiweka katika ghala chini ya ardhi. Mwaka ambao baridi ilipungua, walipata hasara kubwa, maana pombe yao huharibika kwa joto. Mashine za baridi zilikuwako, ila zilikula makaa mengi na faida yake ilikuwa haba. Linde hakukimbilia nyundo. Alikaa na kalamu, akapiga hesabu apate kujua kila kipimo cha nguvu chaweza kuondoa joto kiasi gani. Akaona ya kuwa nguvu nyingi zilipotea bure. Akachagua njia hii: kitu cha majimaji kigeukapo mvuke huvuta joto la vitu vilivyo karibu, kama vile jasho likikauka mwili hupoa. Mashine huufyonza mvuke ule na kuushindilia, kisha maji ya bomba huupoza hata uwe majimaji tena. Ndipo safari huanza upya.

Mashine yake ya kwanza ilijaribiwa katika kiwanda cha Spaten, München. Ilipoza kweli, lakini etha iliyokuwamo ilivuja, nayo huwaka kwa kishindo. Linde akaibuni upya, akatumia amonia, ambayo harufu yake kali humwonya mtu mara itokapo. Mwaka 1877 mashine ya namna hiyo ilipelekwa Trieste katika kiwanda cha Dreher, ikafanya kazi miaka mingi.

Mwaka 1879 aliacha ualimu, akaanzisha kampani huko Wiesbaden. Na mwaka 1895 akafaulu kugeuza hata hewa kuwa majimaji. Alikufa München mwaka 1934, umri wake miaka 92. Amonia haijaachwa: maghala makubwa ya nyama na samaki hupozwa nayo hata leo.