Sayyid Muhammad na Utulivu wa Mtutu

Wako wanaodai kwamba dunia haitatulia bila majeshi ya dola kubwa ugenini. Tumtazame Sayyid Muhammad Abdulle Hassan, shehe na malenga wa Ogaden, ukoo wenye watu wengi hadi Habaswein. Alianza kupigana na Waingereza mwaka 1899. Misafara minne ya kijeshi, 1901 hadi 1904, haikumshinda. Mwaka 1920 kikosi cha ndege 12 kilimtimua, akafariki kwa maradhi ukimbizini mwaka huo huo. Dola ilishinda, bali haikupatanisha koo.

Marekani nayo iliingia Mogadishu 1992, ikaondoka 1994 vita vikiendelea. Lakini hapa Wajir, koo zilizopigana zilipatanishwa mwaka 1993 na akina mama na wazee wenyewe. Walimu na wanafunzi, lipimeni hilo.