Tarikh ya Dakta Leakey, Mchimbuzi wa Olduvai

Ilimu isiyo na ushahidi ni dai tu, na mwenye dai huulizwa shahidi wake. Katika watu walioijua hukumu hii kwa machungu kabla ya kuijua kwa heshima ni Dakta Louis Seymour Bazett Leakey, mtafutaji wa mabaki ya kale, ambaye jina lake limefungamana na korongo la Olduvai katika nchi ya Ngorongoro.

Alizaliwa Kabete, karibu na Nairobi, tarehe 7 Agosti 1903. Wazazi wake walikuwa Waingereza, wahubiri wa dini ya Kikristo. Akakua pamoja na vijana wa Kikuyu, akasema lugha yao kama mmoja wao, akaingizwa katika rika lao. Alipokuwa akisoma Cambridge aliumia kichwa mchezoni, ikampasa kuacha masomo kwa muda. Naye muda ule hakuulalia, bali mwaka 1924 alisafiri hata Tendaguru, bara ya Lindi, kuchimba mifupa ya wanyama wakubwa waliokwisha toweka duniani. Huko ndiko alikojifunza kazi.

Msafiri atokaye Arusha hupita Mto wa Mbu, akapanda ukuta wa Bonde la Ufa hata Karatu, kisha akapita ukingoni mwa shimo kuu la Ngorongoro na kushuka upande wa Serengeti. Hapo ndipo lilipo korongo la Olduvai. Maji yamelikata katika tabaka za udongo na majivu ya volkano zilizolaliana, hata mtu akashuka humo kama afunuaye kurasa za kitabu kuanzia mwisho. Leakey alilifikia mwaka 1931, pamoja na Mjerumani Hans Reck, ambaye mwaka 1913 alichimbua humo mifupa ya mtu. Reck hakuwa ameona vyombo vya mawe. Leakey akaviona upesi baada ya kufika.

Walakini haraka ilimponza. Aliitangaza mifupa ile ya Reck kuwa ya zamani kama tabaka iliyoonekana ndani yake, kumbe ni ya mtu aliyezikwa humo baadaye sana. Ikambidi airudie kauli yake. Kisha mwaka 1932 akapata taya huko Kanam, karibu na Ziwa Viktoria, akalitolea dai kubwa. Mwaka 1935 Profesa Boswell alikwenda kuona mahali penyewe. Vyuma vilivyotiwa kuwa alama havikuwapo tena, na picha iliyotolewa ikadhihirika kuwa ya mahali pengine. Boswell akayaandika hayo katika jarida la Nature, na heshima ya Leakey ikashuka mno. Mwenye kuijua ilimu ya hadithi hatastaajabu: habari yaweza kuwa na maana njema, lakini isnadi ikikatika, huwekwa kando.

Hakukata tamaa, wala hakugeuka mtu wa ugomvi. Mwaka 1936 alimwoa Mary Nicol, mwanamke stadi wa kuchimba na kuchora, mwenye subira aliyoipungukiwa mumewe. Katika miaka ya vita ya 1940 akaishika nyumba ya makumbusho ya Coryndon, Nairobi, na mwaka 1945 akawa msimamizi wake kamili. Milango yake ikafunguliwa kwa Waafrika na Wahindi pia, si kwa Wazungu tu. Mwezi wa Januari 1947 akawakusanya Nairobi wataalamu wa mambo ya kale ya Afrika nzima, mkutano wa kwanza wa namna hiyo.

Hata ilipofika tarehe 17 Julai 1959, Leakey amelala kambini Olduvai kwa homa, Mary alitoka peke yake, akaona mfupa na meno yamechomoza ardhini. Lilikuwa fuvu la kichwa. Safari hii hawakulinyakua. Walingoja kwanza mpiga picha afike, ili kazi yote ionekane tangu mwanzo. Kisha wakachuja mchanga siku nyingi, na Mary akaviunga vipande vyake, mamia kwa mamia. Leakey akaliita Zinjanthropus, yaani mtu wa Zinj. Nalo ni jina lile lile la Zanj ambalo wasafiri wa Kiarabu, kama Al-Masudi wa karne ya 10, waliiitia pwani hii.

Likabaki swali la umri, nalo likajibiwa kwa fizikia. Majivu ya volkano yana potasiamu, ambayo sehemu yake hugeuka gesi ya argoni kidogo kidogo, kwa kipimo kisichobadilika. Moto wa volkano huitoa gesi ya zamani. Majivu yakipoa, gesi mpya huanza kukusanyika ndani ya chembe zake, kama mtungi unaojazwa tone kwa tone. Mwenye kuijua kasi ya tone na kuupima mtungi ataijua saa. Mwaka 1961 Evernden na Curtis, wa Chuo Kikuu cha California, walitoa hesabu: miaka 1,750,000. Leakey mwenyewe alikuwa amekisia kama 600,000.

Hata hapo hakung'ang'ania neno lake. Kwanza alisema Zinj ndiye mchonga mawe. Mwaka 1964 yeye na wenzake walimpa kazi hiyo kiumbe mwingine wa Olduvai, Homo habilis. Mwaka 1960 alimpeleka Jane Goodall Gombe, Kigoma, kuwachunguza sokwe, ijapokuwa msichana yule hakuwa na shahada ya chuo. Na mwaka 1965 fuvu la Zinj likarudi Tanganyika ya zamani, sasa Tanzania, likawekwa katika makumbusho ya Dar es Salaam.

Alifariki London tarehe 1 Oktoba 1972, akazikwa Limuru. Lililomwangusha ni alama iliyopotea. Lililomwinua ni mfupa ulioachwa mahali pake hata mashahidi wakafika.