Mtakatifu Hildegard na Kichupa cha Lavenda



Vijana wenzangu, leo naanza kwa kuungama. Mwaka jana niliona kwenye simu tangazo la kichupa cha mafuta ya lavenda chenye picha ya mtawa. Walisema ni siri ya Mtakatifu Hildegard wa Bingen, na kwamba yanatibu presha, sukari, kukosa usingizi, mpaka mapepo. Shangazi yangu ana presha na usiku halali vizuri. Nikanunua, nikampelekea, nikamwambia hii ni dawa ya mtakatifu, asiwe na wasiwasi.

Shangazi ni mtu wa imani. Alinisikiliza kuliko nilivyotaka. Baada ya wiki tatu alilazwa, presha imepanda vibaya. Kumbe alikuwa ameacha vidonge vyake tangu siku ile. Jamani, nilikaa kwenye benchi nje ya wodi sijui niweke wapi uso wangu. Hakunigombeza hata kidogo, na hilo ndilo liliniumiza zaidi. Pale kwenye benchi nikajiuliza: huyu Hildegard niliyetumia jina lake, namjua kweli? Simjui. Nikaanza kumsoma.

Hildegard alizaliwa mwaka 1098 nchini Ujerumani, mtoto wa kumi katika familia ya kikabaila. Wazazi wake walimtoa kwa Mungu, kama mtu anavyotoa fungu la kumi la shamba. Alilelewa na mwanamke mtakatifu aitwaye Jutta, na mwaka 1112 wote wawili waliingia kuishi maisha ya kujitenga kando ya monasteri ya Wabenedikto ya Disibodenberg. Hapo alijifunza Zaburi na kazi za mikono, na akaishi ratiba ya sala mchana na usiku. Jutta alipofariki mwaka 1136, masista wenzake wakamchagua Hildegard awaongoze.

Tangu utoto alikuwa akiona maono, lakini aliogopa kuyasema. Alipofika miaka 42 alisikia Mungu anamwagiza aandike. Aliona hafai, mpaka akaugua kitandani. Mmonaki mmoja, Volmar, akamsaidia kuandika, na kazi ya kitabu chake cha kwanza, Scivias, ilichukua kama miaka 10. Papa Eugenio III alisoma sehemu ya maandishi hayo alipokuwa Trier kati ya mwaka 1147 na 1148, akamruhusu aendelee. Mnamo mwaka 1150 alihamia na masista wake Rupertsberg karibu na Bingen, pale mto Nahe unapoingia mto Rhine. Baadaye alitunga nyimbo zaidi ya 70, akaandikia barua mapapa na wafalme, na akiwa na zaidi ya miaka 60 akasafiri kuhubiri mijini. Mama mtawa wa karne ya 12, fikiria!

Sasa tuje kwenye mimea. Monasteri za Kibenedikto zilikuwa na bustani za dawa na chumba cha wagonjwa, kwa sababu Kanuni ya Mtakatifu Benedikto inaagiza mgonjwa ahudumiwe kama Kristo mwenyewe. Sisi tunauona moyo huohuo Peramiho na Ndanda, ambako wamisionari Wabenedikto walijenga abasia pamoja na hospitali. Hildegard aliandika kitabu kiitwacho Physica, chenye sehemu tisa: mimea, miti, mawe, samaki, ndege, wanyama na kadhalika. Humo alieleza kila kiumbe kina faida gani kwa mwanadamu, na kipi kina madhara.

Lavenda imo. Anasema harufu yake ni kali, inasafisha macho, na mwenye chawa wengi akiinusa mara kwa mara chawa watakufa. Anasema pia kwamba haimfai mtu kama chakula. Na ndiyo, aliandika kwamba pepo wabaya huuogopa mmea huo. Hapo ndipo wauzaji wanaposhikilia. Lakini kitabu hicho kilibeba ujuzi wa dawa wa watu wa karne ya 12. Kanisa linamheshimu mtakatifu bila kutulazimisha tukichukue kila kipimo chake cha dawa kama Injili.

Jambo lingine lililonishangaza: kile kichupa nilichonunua hakiwezi kuwa siri yake. Mara nyingi tiba zake ni za kuchemsha mimea kwa mvinyo au maji, au kuisaga na kuichanganya na mafuta ya kawaida. Mafuta ya leo hupatikana kwa mvuke. Maua ya lavenda yana vifuko vidogo sana vyenye mafuta. Mvuke wa maji ya moto ukipita katikati ya maua, vifuko hupasuka na mafuta hubebwa na mvuke. Mvuke ukipozwa kwenye bomba hurudi kuwa maji, na mafuta yakaelea juu kwa sababu ni mepesi. Unayachota, basi. Mafuta ya karafuu kule Pemba nayo hupatikana kwa mvuke. Na bibi anapokuchemshia majani ya mkaratusi ujifukize ukiwa na mafua, unachovuta ni mafuta hayohayo yakipanda na mvuke.

Kwa hiyo si uongo kwamba yana nguvu. Karafuu hutuliza jino linalouma. Lavenda huwatuliza watu wengi wakati wa kulala, na wataalamu wameichunguza kwa ajili ya wasiwasi. Lakini kwa sababu ni makali, hayapakwi yenyewe kwenye ngozi. Matone machache huchanganywa na mafuta mengine kama ya nazi au alizeti. Hayanywewi kienyeji, na yawekwe mbali na watoto. Na hayachukui nafasi ya kidonge cha presha hata siku moja.

Hildegard mwenyewe angenielewa. Maisha yake yote alikuwa mgonjwagonjwa. Alijua mimea kuliko wengi wa zama zake, lakini mara nyingi alilala kitandani hawezi kuinuka. Hakuwahi kudai kwamba mtakatifu haugui. Alipenda neno moja la Kilatini, viriditas, yaani ule ukijani, uhai mbichi ambao Mungu ameutia katika kila kiumbe. Kwake jani ni zawadi, na zawadi inakuelekeza kwa aliyeitoa. Yoshua bin Sira, sura ya 38, anafundisha hivyohivyo: dawa zimetoka ardhini kwa mkono wa Bwana, na daktari naye apewe nafasi yake. Nenda ukaisome.

Kisa cha mwisho wa maisha yake ndicho kilichonigusa zaidi. Mwaka 1178 alikubali kabaila mmoja azikwe kwenye makaburi ya monasteri. Wakuu wa Kanisa wa Mainz wakasema marehemu alikuwa ametengwa na Kanisa, wakaagiza mwili ufukuliwe. Hildegard alijua kwamba mtu yule alikuwa amepatanishwa na kupokea sakramenti kabla ya kufa, akakataa. Monasteri ikaadhibiwa: hakuna kuimba sala, hakuna kupokea Ekaristi. Mtunzi wa nyimbo, mwenye miaka 80, ananyamazishwa! Alitii adhabu, masista wakasali kwa sauti ya chini, lakini hakuacha kuandika barua kueleza ukweli. Mwanzoni mwa mwaka 1179 adhabu ikaondolewa. Tarehe 17 Septemba mwaka huohuo akafariki.

Mnamo Mei 2012 Papa Benedikto XVI alithibitisha utakatifu wake kwa Kanisa lote, na tarehe 7 Oktoba akamtangaza Mwalimu wa Kanisa. Wanawake wenye heshima hiyo ni wanne tu: Teresa wa Avila, Katarina wa Siena, Teresia wa Mtoto Yesu, na yeye.

Huyu ndiye mwanamke niliyemgeuza kibandiko cha kichupa. Alisimamia ukweli kwa ajili ya maiti ambayo isingeweza kumlipa chochote, na mimi nilishindwa kusema ukweli mdogo kwa shangazi yangu: kwamba sikuwa najua ninachompa.

Vijana, tunazungukwa na mafuta ya kila aina siku hizi, na mengine yanauzwa kwa jina la Yesu. Tukumbuke kwamba Kanisa lina mafuta yake. Krisma huchanganywa na manukato na kuwekwa wakfu na askofu wakati wa Juma Kuu. Ulipakwa hiyo siku ya Kipaimara chako. Ipo pia Sakramenti ya Mpako wa Wagonjwa. Hizo haziuzwi. Padre alikuja wodini, akampaka shangazi, na muda huohuo nesi akampa vidonge. Sikuona ugomvi wowote kati yao.

Shangazi amerudi nyumbani, anameza dawa kila siku. Kile kichupa amekiweka karibu na kitanda; usiku anadondosha tone moja kwenye kitambaa, ananusa, anasali rozari, analala. Nilimwomba msamaha. Akacheka, akaniambia nimletee maisha ya mtakatifu huyo ayasome. Nimeandika haya kwanza kwa ajili yake.

Wiki hii, kabla hujamtumia mtu tangazo la dawa, uliza kwanza. Na kama kuna mgonjwa nyumbani, mkumbushe dawa zake, kisha salini pamoja.

Mtakatifu Hildegard wa Bingen, utuombee.