Denis Burkitt: Daktari wa jicho moja aliyeifuata saratani kwa gari

Oktoba 7, 1961, gari kuukuu aina ya Ford liliondoka Kampala likiwa na madaktari watatu. Walikuwa wanaelekea Afrika Kusini, si kwa mapumziko bali kuuliza swali moja katika kila hospitali waliyoifikia: je, mnawaona hapa watoto wenye uvimbe wa taya? Wiki kumi baadaye walirudi wakiwa wametembea maili 10,000, yaani karibu kilomita 16,000, na kutembelea hospitali 57.

Aliyeongoza safari hiyo alikuwa Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa hospitali ya Mulago. Wenzake walikuwa Cliff Nelson na Ted Williams. Huyu wa mwisho alitoka kwetu West Nile, katika hospitali ya misheni ya Kuluva, kusini mwa mji wa Arua. Kwa hiyo habari za Burkitt ni habari za Arua na Koboko pia, na zinamhusu kila mfanyabiashara anayekula njiani, kulala njiani na kuahirisha kwenda hospitali hadi mzigo uishe.

Kijana aliyekataliwa kazi

Burkitt alizaliwa Februari 28, 1911 huko Enniskillen, Ireland. Baba yake alikuwa mhandisi aliyependa kuchunguza ndege. Aliwafunga pete miguuni na kuchora ramani ya eneo la kila mmoja. Mtoto alikuja kurithi tabia hiyo ya kuchora ramani.

Akiwa na umri wa miaka 11 alipata ajali iliyompotezea jicho la kulia. Alianza kusomea uhandisi chuoni Dublin, akabadili nia na kusomea udaktari, akahitimu mwaka 1935. Alipoomba kazi ya udaktari katika makoloni alikataliwa kwa sababu ya jicho lake. Vita vya Pili vya Dunia vikamleta Afrika kwa njia nyingine: alijiunga na jeshi kama daktari na kutumikia Kenya na Somalia. Vita vilipokwisha aliomba tena, na mwaka 1946 akapelekwa Lira, kaskazini mwa Uganda.

Huko Lira aliona jambo lililowapita wengi. Wagonjwa wa busha walikuwa wengi upande wa mashariki wa wilaya na wachache sana upande wa magharibi. Akaliweka jambo hilo kwenye ramani. Somo alilolipata hapo hakulisahau: ukitaka kujua chanzo cha ugonjwa, uliza kwanza unapatikana wapi, kisha uliza wapi haupatikani.

Uvimbe wa taya

Mwaka 1957, akiwa Mulago, daktari mwenzake Hugh Trowell alimwita amwone mtoto wa kiume aliyevimba taya pande zote, juu na chini. Wiki chache baadaye, katika hospitali ya Jinja, Burkitt alimwona mtoto wa kike mwenye uvimbe kama ule ule. Akarudi kwenye majalada ya Mulago na kugundua kuwa madaktari walikuwa wameupa ugonjwa huo majina mbalimbali, kumbe ni saratani moja. Aliandika habari zake mwaka 1958, na leo saratani hiyo ya watoto inajulikana duniani kote kwa jina lake.

Ramani ilionesha kuwa ugonjwa huo ulifuata nyanda za chini zenye joto na mvua, na ulikuwa nadra katika milima yenye baridi. West Nile ilikuwa katikati ya eneo la ugonjwa. Hapo ndipo kazi ya Kuluva ilipokuwa na thamani kubwa. Williams alikuwa ametunza kumbukumbu za wagonjwa wake kwa uangalifu: kijiji, tarehe, umri. Mwaka 1967 kumbukumbu hizo zilitumika kuonesha kwamba wagonjwa wa West Nile hawakutokea kiholela, bali kwa mafungu, mahali fulani na kwa wakati fulani.

Machi 1961, Burkitt alitoa mhadhara London. Mmoja wa wasikilizaji alikuwa mtafiti Anthony Epstein, ambaye aliomba vipande vya uvimbe kutoka Uganda. Mwaka 1964 yeye na wenzake walitangaza kuona ndani yake kirusi kipya, ambacho leo huitwa Epstein-Barr. Ili kuthibitisha uhusiano wake na saratani hiyo, watafiti walirudi West Nile miaka ya 1970 na kuchukua damu ya watoto wapatao 42,000, kisha wakawafuatilia. Watoto wa wilaya hii, ambao wengi wao leo ni watu wazima wenye wajukuu, waliifundisha dunia nzima jambo kubwa kuhusu virusi na saratani.

Burkitt alijaribu pia dawa. Upasuaji haukuwasaidia watoto wale, lakini baadhi yao walipopewa dawa za saratani uvimbe uliyeyuka na wakapona. Mwaka 1967, mwaka mmoja baada ya Burkitt kuhamia London, kituo cha kutibu saratani hiyo kilifunguliwa Mulago. Kituo hicho ndicho kilichokua na kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda, ambayo Jumuiya ya Afrika Mashariki imeiteua kuwa kituo chake cha umahiri katika tiba ya saratani.

Kutoka taya hadi utumbo

Watu wengi wangetosheka na sifa hiyo. Burkitt akageukia swali jingine. Katika miaka 20 ya upasuaji Uganda, kwa nini alikuwa hawaoni wagonjwa wa saratani ya utumbo mpana, ilhali Uingereza ilikuwa ikiua maelfu kila mwaka?

Alitumia mbinu ile ile. Alituma fomu kila mwezi kwa hospitali nyingi za vijijini Afrika, akiuliza idadi ya wagonjwa wa magonjwa aliyoyataja. Pamoja na wenzake alipima hata choo cha watu, jambo lililowachekesha wengi. Watu walimeza vipande vidogo vya plastiki vinavyoonekana kwenye eksirei, kisha ikahesabiwa ni muda gani vinachukua kutoka. Kwa wanakijiji wa Uganda ilikuwa kama siku moja na nusu, na choo chao kilikuwa kingi na laini. Kwa Waingereza waliokula mkate mweupe ilikuwa siku tatu na zaidi, na choo kilikuwa kidogo na kigumu.

Mwaka 1971 Burkitt aliandika kwamba tofauti ilikuwa kwenye chakula. Ugali wa muhogo, mtama na wimbi, maharage, kunde na mboga za majani vina nyuzinyuzi nyingi. Unga mweupe na sukari havina. Alizunguka dunia akihubiri hivyo hadi alipofariki Machi 23, 1993, akiwa na umri wa miaka 82.

Alikuwa sahihi kiasi gani? Si kwa kila kitu. Zamani watu wetu wengi walikufa kabla ya kufikia umri ambao saratani hii hushika kasi, na wengine hawakufika hospitali kabisa, hivyo fomu zake hazikuwaona. Majaribio yaliyotangazwa mwaka 2000 hayakuonesha kwamba kuongeza nyuzinyuzi kwa miaka michache kunazuia vinyama vya utumbo kurudi. Lakini uchambuzi mkubwa wa mwaka 2019 ulionesha kuwa wanaokula nyuzinyuzi nyingi hupata saratani hii kwa kiwango kidogo zaidi. Msingi wa hoja yake haujaanguka.

Ramani imebadilika

Kilichobadilika ni sisi. Saratani ya utumbo mpana, ambayo Burkitt aliiona mara chache Mulago, imekuwa ikiongezeka Kampala. Duniani, mwaka 2022 pekee iliwapata watu wapatao milioni 1.9 na kuua karibu 900,000. Mfanyabiashara anayetoka Arua alfajiri kwenda Ariwara, au anayevuka Oraba kwenda Kaya, mara nyingi hali tena chakula cha mama yake. Anakula chapati, mandazi, chipsi na nyama choma, anateremsha kwa soda, kisha anakaa kwenye kiti cha lori siku nzima. Bado wako wanaosema huu ni ugonjwa wa Wazungu. Wanasoma ramani ya mwaka 1971.

Habari njema ni kwamba saratani hii huchelewa. Mara nyingi huanza kama kinyama kidogo ndani ya utumbo, na huchukua miaka kama kumi kugeuka saratani. Kikionekana mapema, daktari hukiondoa kwa kamera ile ile aliyokionea. Marekani, ambako hesabu hutunzwa vizuri, wagonjwa 9 kati ya 10 waliogunduliwa saratani ikiwa bado ndani ya utumbo wako hai miaka 5 baadaye. Ikishasambaa mwilini, hawafiki 2 kati ya 10. Ugonjwa ni ule ule. Kinachowatenganisha ni wakati wa kugunduliwa.

Ndiyo maana nchi nyingi hupima watu wasio na dalili yoyote. Marekani inashauri kuanza miaka 45. Kipimo rahisi hutafuta damu isiyoonekana kwa macho kwenye choo; ikipatikana, hufuata kipimo cha kamera. Mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyewahi kuugua aanze mapema zaidi. Na mwenye dalili asisubiri umri wowote: damu kwenye choo, choo kilichobadilika kwa wiki kadhaa, kupungua uzito bila sababu, au kuishiwa damu.

Hapa ndipo wengi wetu hupotelea. Anayeona damu husema ni bawasiri, au minyoo, au taifodi, akanunua vidonge dukani na kuendelea na safari. Huenda kweli ni bawasiri, lakini duka la dawa haliwezi kuthibitisha hilo. Anzia hospitali ya rufaa ya Arua, mwambie daktari bila aibu ulichokiona chooni, na uulize kipimo. Ikibidi kwenda Mulago ni safari ya karibu kilomita 500, ndefu kwa mgonjwa lakini ya kawaida kwa mtu anayefuata bidhaa Kampala kila mwezi.

Burkitt hakuona haya kuzungumzia choo mbele ya maprofesa wa London. Alijua kuwa aibu ni sehemu ya ugonjwa huu, na alitumia miaka yake ya mwisho kuiondoa.