Wasia wa mama mgonjwa: Kumkumbuka Mwana Kupona binti Mshamu

Mamangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, hakusoma skuli hata siku moja. Alisoma chuoni, akahitimu Kurani, na baada ya hapo dunia yake ikawa ni jiko, mkeka na wanawe. Lakini alikuwa na utendi mmoja kifuani, mzima, tangu bismillahi hadi tamati. Baada ya sala ya isha alikuwa akiusoma kwa sauti ya chini huku akishona kofia, na sisi watoto tukichukuliwa na usingizi kwa sauti ile. Kwa muda mrefu nilidhani kuwa utendi ule ameutunga yeye. Nilikuwa nimekwisha baleghe nilipojua kuwa mwenyewe ni Mwana Kupona binti Mshamu, bibi wa Kipate aliyezikwa zaidi ya miaka mia moja kabla sijazaliwa.

Leo, wasomaji wapenzi, nataka kumkumbuka bibi huyo. Na simkumbuki kwa kuwa jina lake ni kubwa tu, bali pia kwa kuwa nina deni lake, kama nitakavyoeleza.

Mwana Kupona alizaliwa Pate, katika kisiwa hicho hicho chenye miji ya Siyu na Faza. Aliolewa Siyu, na Siyu ya zama zile haikuwa kijiji. Ulikuwa ni mji wa wanavyuoni, wa mafundi wa ngozi na mbao, na wa waandishi walionakili misahafu kwa mkono kwa hati ya kupendeza, misahafu ambayo baadhi yake imehifadhiwa mpaka leo. Mwanamke aliyekulia katika visiwa hivyo, nyumba yao ikiwa ni nyumba ya elimu, hakukosa kushika kalamu.

Mumewe alikuwa Bwana Mataka, sheikh wa Siyu, na huyu hakuwa mtu wa kuamrishwa kwa urahisi. Alikataa kuinamisha kichwa mbele ya Seyyid Said wa Unguja, na katika miaka ya 1840 jeshi lililotumwa kuja kuivunja Siyu lilirudi limeshindwa. Basi huyo ndiye mume aliyekuwa akimngojea Mwana Kupona jioni kwa jioni: mtu wa vita, mwenye mji mabegani. Naye bibi mwenyewe ameshuhudia katika utendi wake kwamba waliishi kwa furaha na heshima, bila ya kuvunjiana adabu, mpaka mauti yakawatenganisha, na kwamba mume alikwenda zake akiwa radhi naye.

Baada ya kufiwa, yeye mwenyewe akashikwa na maradhi. Yalikuwa yamekwisha kumkalia kama mwaka mzima alipomwita bintiye, Mwana Hashima, aje karibu na karatasi na wino. Ulikuwa mwaka wa 1858, ambao kwa Hijria ni 1275. Hashima alikuwa msichana wa miaka kama kumi na saba. Mama alimwambia kuwa ugonjwa ulikuwa haujampa nafasi ya kumwambia neno jema, na sasa anayo maneno moyoni. Akayaita hirizi ya kufunga kwa uzi, akayaita kidani cha lulu na marijani cha kuvaa shingoni. Kisha akatunga beti 102, kwa lugha ya Kiamu, kina cha mwisho kikirudi kile kile tangu mwanzo mpaka kikomo.

Sasa nije kwenye deni langu.

Miaka kadhaa iliyopita nilimwoza binti yangu. Usiku wa kuamkia arusi nilimkalisha kitako, nikavaa kanzu yangu ya ushairi, nikamsomea utendi wa Mwana Kupona. Nilichagua beti nilizozitaka: za kumtii mume, za kutotoka nje bila ya ruhusa, za kutomwamsha alalapo, za kujipamba kwa wanja na hina na kujifukiza udi. Nilizisoma kwa madaha, na nilipomaliza niliona nimefanya kazi ya mzazi. Binti yangu aliinamisha kichwa, hakusema kitu.

Mamangu alikuwa amekaa chumba cha pili, mlango wazi. Kulipopambazuka aliniita. Hakunigombeza, maana hakuwa mtu wa kelele. Aliniuliza tu mwingine wote nimeupeleka wapi. Akasema kwamba nimekula minofu ya samaki na kumwachia mtoto miba, na kwamba mwenye utendi ule hakuwa akimfanyia kazi mwanamume, alikuwa akimuaga mwanawe. Nilikuwa na miaka mingi ya kuandika habari za washairi magazetini, na siku ile nilifunzwa kusoma na mwanamke asiyeijua hata hati ya gazeti.

Nikarudi nikausoma upya, ubeti kwa ubeti. Niliona, kwanza, kuwa kabla ya kumfikia mume, mama ameanza na dini, halafu adabu, na ukweli wa ulimi. Anapotaja radhi tano anazozihitaji kiumbe, anamtaja Mungu, na Mtume wake, na baba, na mama, kisha ndipo mume anapofika. Niliona pia jinsi anavyomfundisha bintiye kumtunza mume huyo: amwangalie kama mtoto mchanga asiyejua kusema. Nikamkumbuka Bwana Mataka, simba wa Siyu aliyewarudisha askari wa Seyyid Said, na nikacheka peke yangu. Ndani ya nyumba yake simba alikuwa mtoto, na mwenye kulijua hilo ni mkewe. Wako wanaosema kuwa utendi huu unamfunga mwanamke, na wako wanaosema kuwa chini ya utiifu wake mna werevu mwingi. Mimi sasa naona kuwa mama yule alikuwa akimpa mtoto kila silaha aliyokuwa nayo, na katika zama zile silaha za mwanamke zilikuwa hizo.

Yamo pia maneno ambayo leo hatuwezi kuyapokea. Amemwasa bintiye asichanganyike na watumwa ila wakati wa kazi. Hayo ni ya zama za utumwa na ya nyumba za mabwana, nasi hatuna haja ya kuyaficha wala kuyafuata. Lakini mama huyo huyo amemwusia bintiye kuwapenda mafukara na kutowadharau wanyonge.

Halafu unakuja mwisho, ule nilioukata. Hapo mama anamwacha binti na kumwelekea Mola wake. Anaomba maradhi yaondoke. Anaomba msamaha wa dhambi zake. Anawaombea wanawe na jamaa zake, na Waislamu wote. Kila anayesoma pale hujua kuwa mwenye kuomba anakiona kifo na bado anatamani kuishi, si kwa kuipenda dunia, bali kwa kuwa mtoto bado ni mdogo. Siku Hashima atakapotiwa hina, mama hatakuwapo kumshika mkono. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na uchungu huo ndio uliotunga utendi. Beti za mume nilizozisoma kwa madaha zilikuwa ni za mtu anayejaribu kuyasema ya miaka arubaini kwa siku chache alizobakiwa nazo.

Hakuishi miaka mingi baada ya hapo. Mwaka wa 1863 Siyu nayo ilianguka mbele ya Seyyid Majid, na enzi ya akina Mataka ikafikia ukingoni. Kilichobaki ni karatasi za mama mgonjwa. Yeye mwenyewe alikuwa amewaomba wanawake waisome kazi yake, nao walimtii: waliinakili kwa hati ya Kiarabu, wakapeana mkono kwa mkono, mama kwa binti, bibi kwa mjukuu, mpaka ikafika katika kifua cha mamangu. Mwana Hashima alijaliwa umri mrefu, akaingia katika karne ya 20, na mengi tunayoyajua juu ya mamake yametokana na yeye. Alice Werner aliuchapisha utendi huo mwaka wa 1917, kisha akauchapisha tena pamoja na William Hichens mwaka wa 1934. Lakini wakati vitabu hivyo vinatoka, kinamama wa Amu walikuwa wamekwisha kuuhifadhi zamani.

Mamangu amekwisha fariki. Katika sanduku lake tulikuta daftari lililochakaa, utendi wote umo, kwa hati ya Kiarabu na mwandiko wa mkono wake. Binti yangu, ambaye sasa naye ni mama wa mtoto wa kike, aliliomba daftari la bibi yake. Nilimpa, akalifungua, akalifunga, akasema kuwa hawezi kuisoma hati ile kwa Kiswahili. Lawama ni yangu, kwani chuoni alifunzwa Kurani, na Kiswahili cha hati hiyo ni mimi niliyepaswa kumfunza.

Basi siku hizi kila Ijumaa baada ya alasiri huja kwangu na daftari lile, mtoto akiwa miguuni, nasi husoma. Simchagulii beti. Tulianza pale mama anapoagiza karatasi na wino, na tumekwisha fika kwenye dua. Ijumaa iliyopita ndiye aliyekuwa akisoma mimi nikisikiliza, na alipofika pale mama anapowaombea wanawe alinyamaza kidogo, akampapasa mwanawe kichwani, kisha akaendelea.

Mwenyezi Mungu amrehemu Mwana Kupona binti Mshamu, na mamangu, na kila mama aliyewaachia wanawe neno jema. Amin.